Sisimizi Nyuma ya Bafu

Kartiyem alikuwa na alama yake ndani ya karai. Ulikuwa mkwaruzo mdogo aliouchora kwa msumari miaka kumi iliyopita. Kila asubuhi mumewe, Sanwirya, alishuka kutoka minazini na kumimina maji matamu aliyogema. Maji yale yalifika kwenye mkwaruzo, hayazidi sana, hayapungui sana. Kartiyem aliwasha kuni, akachemsha, akakoroga kwa mwiko mpaka maji yakawa mazito na ya hudhurungi. Kisha aliyamwaga kwenye vifuu vya nazi yagande. Yakiganda ni sukari. Kijiji kizima kiliishi hivyo. Wanaume walipanda, wanawake walichemsha.

Mwezi ule maji hayakufika kwenye mkwaruzo. Yalipungua upana wa vidole viwili. Wiki iliyofuata, vitatu.

"Minazi imechoka," alisema Sanwirya.

"Minazi? Ishirini na mitano yote ichoke siku moja, imepanga mgomo?"

Sanwirya alichukua birika la maji, akanywa lote, akaenda bafuni. Siku hizi alikuwa mtu wa birika na bafu, bafu na birika.

Kartiyem alikuwa mwanamke wa kushuku. Kijiko kikipotea, aliuliza kwanza nani kaingia jikoni, ndipo akatazama chini ya meza. Majirani walimtania kwamba hata kivuli chake hukikagua kabla ya kukiingiza ndani. Na sasa ndani ya nyumba yake kulikuwa na mgeni. Mgeni huyo alikuwa Rusmini, mke wa mwanawe. Mume wake Rusmini alikuwa baharini kwenye meli ya uvuvi, na yeye aliletwa kukaa kwa wakwe. Alikuwa na miezi minne tu pale. Mpole, mchapakazi, hasemi sana. Kartiyem hakuwaamini watu wasiosema sana.

Asubuhi moja Kartiyem alipita nyuma ya bafu kutupa majivu. Akasimama. Sisimizi! Mstari mrefu mweusi ulitoka kwenye mizizi ya migomba mpaka kwenye ukuta. Pale chini ya ukuta walikuwa wamejaa, wanahangaika kama watu wa sokoni.

"Sisimizi hawaji bure," alijiambia. "Hapa pamemwagika sukari. Na sukari haina miguu."

Basi ikawa hivyo kichwani mwake: kuna mwizi. Mwizi anachota maji matamu kwenye karai jikoni, anakwenda nyuma ya bafu, anayamwaga kwenye chombo, anayapitisha kwenye ua. Na mwizi huyo alikuwa amekwisha kupata jina.

Alipoingia ndani alimkuta Sanwirya anafunga kitambaa kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia. Wiki tatu zilizopita alikiangushia kotama, kile kisu chake cha kugemea. Kidonda kilikuwa kidogo mno. Lakini mpaka leo hakijafunga.

"Kinauma, Kang?" aliuliza Kartiyem. Pale mwanamume huitwa Kang, yaani kaka, hata na mkewe.

"Hata kidogo."

"Basi kinapona."

Wote wawili waliamini hivyo. Mgema bila mguu si mgema, na Kartiyem alilijua hilo kuliko jina lake. Ila kidonda kisichouma nani atakitilia shaka? Shaka zake zote zilikuwa nyuma ya bafu.

Jioni ile alinyunyiza majivu mlangoni mwa jiko na nyuma ya bafu, laini kama poda. Asubuhi akaenda kusoma nyayo. Mlangoni mwa jiko hapakuwa na kitu. Nyuma ya bafu kulikuwa na nyayo kubwa za mwanamume. Wa kushoto ulionyesha vidole vyote. Wa kulia ulionyesha alama ya kitambaa.

"Kumbe wako wawili!" alinong'ona Kartiyem.

Akaanza kumwangalia mumewe kwa jicho jipya. Amekonda. Suruali anaifunga kwa kamba. Anakula sahani mbili za wali, halafu anasema ana njaa. Chakula kinakwenda wapi? Na usiku anatoka mara nne, mara tano. Anatoka kwenda wapi? Mwanamume akikonda huku anakula, Kartiyem alifikiri, kuna mwanamke. Alimfikiria hata mjane anayeuza tofu ya kukaanga njia panda, mama wa watu asiye na habari.

Mchana Rusmini alikuwa anafua. Aliita kwa sauti ya wasiwasi. "Mama, njoo uone. Sisimizi wamejaa kwenye kaptula ya Baba."

Kartiyem alikuja mbiombio. Kweli, walikuwa wamejaa, hasa sehemu ya mbele.

"Ala! Umemwaga sukari wewe, sasa unamsingizia mkweo?"

"Sukari gani, Mama?"

"Usijitie hamnazo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako."

Rusmini aliiweka kaptula chini. Macho yake yalijaa machozi, lakini hakunyamaza. "Mama, sijaiba kitu. Kule kwetu baba yangu alikuwa hivi hivi. Alikunywa maji kama mchanga. Akakonda. Akapata kidonda mguuni. Huu ni mkojo mtamu, Mama. Tumwite Mantri."

Mantri ndiyo heshima waliyompa muuguzi wa kijiji, bwana Tarsono wa kituo cha afya. Na mkojo mtamu ndilo jina la ugonjwa wa kisukari kwa watu wa pale. Kartiyem aliyajua yote mawili. Ndiyo maana alicheka.

"Mkojo mtamu ni ugonjwa wa matajiri wa mjini, wanaokula sukari nyeupe ya dukani. Sisi tunakula sukari yetu wenyewe, ya mnazi. Babu zetu walikula, na hawakuumwa. Usimtabirie mume wangu mabaya. Na wiki hii ikiisha, urudi kwenu ukapumzike."

Rusmini aliinama, akaendelea kufua. Kila mtu pale anajua maana ya mkwe kuambiwa akapumzike.

Siku mbili baadaye Kartiyem alichukua kopo la chokaa alijaze. Akalikuta bado limejaa nusu.

Akakaa chini. Wenzangu wachemshaji wataelewa. Kila mwanzi wa kukingia maji hutiwa chokaa kidogo kabla ya kupandishwa mtini. Bila chokaa maji huchacha. Chokaa ya kopo lile huisha kila wiki bila kukosa. Kama imebaki nusu, basi kuna mianzi inayopanda bila chokaa. Na mwanzi usiotiwa chokaa ni wa kazi moja tu, kunywa. Maji yenye chokaa yanakereketa kooni.

Nani huitia mianzi chokaa? Si Rusmini. Ni anayepanda.

Alfajiri Kartiyem alijibanza nyuma ya migomba. Sanwirya alipanda mnazi wa kwanza, polepole, akipumzika katikati. Alipofika juu aliufungua mwanzi, akaegemeza kichwa nyuma, akanywa. Akanywa mpaka akaumaliza. Akashuka. Akapanda wa pili, akanywa tena. Na wa tatu. Alipoteremka kwenye wa nne, mkewe alikuwa chini, mikono kiunoni.

"Mwizi!"

Sanwirya nusura aanguke. "Astaghfirullahi! Yem, unataka kuniua?"

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe hukulitia maji, umelinywa! Unataka kunifukuzia mkwe bure?"

"Wewe ndiye unayemfukuza. Mimi nina kiu tu." Alikaa kwenye mzizi. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nina kiu, Yem. Nikinywa, ndiyo kwanza kiu inaamka. Miguu haina nguvu. Nilidhani maji matamu yatanirudishia nguvu. Kadiri ninavyokunywa, ndivyo ninavyoishiwa."

Macho ya Kartiyem yakashuka kwenye mguu. Sisimizi walikuwa wanapanda kwenye kitambaa, wanaingia ndani. Alipiga magoti, akakifungua. Kidole kilikuwa cheusi na kilinuka.

Akakibonyeza. "Unasikia?"

"Nini?"

"Nakubonyeza, Kang. Husikii?"

"Sisikii kitu. Si vizuri?"

Hofu ilimshika Kartiyem, hofu ya kweli, ambayo shaka zake zote za mwezi mzima hazikuwahi kumpa. Alikimbia nyumbani. Rusmini alikuwa chumbani, begi lake limefungwa.

"Fungua begi hilo," alisema Kartiyem akihema. "Baba yako, ule mguu wake ulikuwaje?"

"Ulikatwa hapa, Mama." Rusmini aligusa goti lake. "Tulichelewa. Tulidhani tumerogwa, tukatafuta mchawi miezi miwili."

"Nenda kamwite Mantri. Chukua pikipiki ya jirani. Kimbia, mwanangu."

Mantri Tarsono alikuja na kifaa kidogo kama simu. Alimchoma Sanwirya kidole cha mkono, akachukua tone la damu. Kifaa kikaandika 486.

"Ni nyingi?" aliuliza Sanwirya.

"Mtu mwenye afya, hata akitoka kunywa chai tamu, hafiki mia mbili."

Kartiyem alikikodolea macho kile kifaa. "Isijekuwa kibovu. Nipime mimi."

Akapimwa. 108.

"Mpime na Rusmini."

93.

"Nimpime na mbuzi, Yu Kartiyem?" aliuliza Mantri, akimwita Yu, yaani dada. "Au sasa umekiamini?"

Mantri alikisafisha kidonda huku akiongea, maana alikuwa mtu wa kuongea.

"Rusmini amenisimulia njiani. Sisimizi wako walijua kabla yangu. Waganga wa Bara Hindi, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, waliona jambo hilihili. Waliona mkojo wa wagonjwa fulani unaita sisimizi. Wakauita mkojo wa asali."

"Sasa kama walijua tangu enzi hizo, mbona watu wanakufa?" Sanwirya aliuliza.

"Kujua jina si kujua dawa. Waliona sukari inatoka, hawakujua kwa nini. Ndipo huko Ujerumani, zaidi ya miaka mia iliyopita, madaktari wawili wakamtoa mbwa kongosho. Kongosho ni kiungo kiko hapa, nyuma ya tumbo. Mbwa yule akaanza kukojoa ovyo. Wakapima mkojo wake, una sukari. Wakajua kumbe kongosho lina kazi. Linatoa kitu kinachoifungulia sukari mlango, itoke kwenye damu na kuingia mwilini, itupe nguvu. Kitu hicho kinaitwa insulini. Isipotosha au isipofanya kazi vizuri, sukari hubaki kwenye damu. Mwili unakufa njaa huku umezungukwa na chakula. Ndiyo maana unakula na unakonda, Kang Sanwirya. Na sukari iliyozidi hutoka na maji. Ndiyo kiu hiyo. Wewe ukaizima kwa maji ya mnazi. Umezima moto kwa mafuta ya taa."

"Na mguu?" aliuliza Kartiyem.

"Sukari nyingi huua mishipa ya fahamu, na damu haifiki vizuri miguuni. Kidonda hakiumi, na hakiponi. Kwa mgonjwa wa kisukari, kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa. Leo hii anakwenda hospitali. Ataanza sindano ya insulini."

Sanwirya aliuvuta mguu wake. "Sindano sitaki."

"Kwa nini?"

"Mjomba wangu alidungwa, akafa wiki ileile. Halafu," alishusha sauti, "nasikia inatoka kwa nguruwe."

Mantri aliweka pamba chini. "Sikufichi. Zamani ilitoka kwenye makongosho ya ng'ombe na ya nguruwe. Kabla ya hapo, tiba ilikuwa njaa. Watoto walinyimwa chakula ili tu waishi miezi michache zaidi, na wazazi wao wanawatazama. Mwaka 1922 huko Kanada, mvulana wa miaka kumi na minne, mifupa mitupu, alidungwa dawa iliyotoka kwenye kongosho la ng'ombe. Mara ya kwanza haikufaa. Wakaisafisha zaidi, wakamdunga tena. Sukari ikashuka. Aliishi miaka kumi na mitatu mingine."

"Na hii ya leo?"

"Hii haitoki kwa mnyama. Unajua chachu unayotilia mihogo kupata tapai? Ina vijidudu, huvioni. Wataalamu wamefundisha vijidudu vya namna hiyo kutengeneza insulini ileile ya binadamu. Kama huniamini, kamuulize imamu wako. Na mjomba wako alidungwa lini? Nilikuwepo. Mguu ulikuwa umeoza mpaka gotini. Sindano haikumuua. Kuchelewa ndiko kulikomuua."

Sanwirya alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama Rusmini.

"Baba," alisema Rusmini, "baba yangu naye alikataa sindano. Mimi sitaki kufiwa na baba wa pili."

Sanwirya akanyoosha mguu.

Alilazwa siku tisa. Kidole kidogo kilikatwa. Mguu ulibaki. Alirudi nyumbani na kalamu mbili za insulini, maana sindano zake zilifanana na kalamu, na Rusmini alikuwa amefundishwa kumdunga tumboni. Namba zikashuka. Kisha, wiki ya pili, zikaanza kupanda. 210. 280. 340.

Shaka za Kartiyem zikarudi mbio. "Dawa feki! Wametuuzia maji." Aliichukua kalamu, akaenda nayo kituoni na kuiweka mezani kwa kishindo. "Mantri, mume wangu hali sukari, wali nimempunguza nusu, mboga ndizo zimejaa sahani. Kinywa chake nakinusa kila siku. Kama si dawa, ni nini?"

Mantri aliipokea kalamu. Ilikuwa nyeusi kwa masizi.

"Yu, unaiweka wapi?"

"Mahali pazuri kuliko pote. Kwenye uchaga juu ya jiko, pamoja na sukari."

Mantri alijishika paji la uso. Kila mchemshaji wa pale huweka kitu cha thamani juu ya jiko. Moshi na joto huikausha sukari isiyeyuke. Hata vyeti vya ndoa vingine vilikuwa huko.

"Sukari inapenda joto lako. Insulini inakufa kwa joto. Umeichemsha dawa, Yu Kartiyem, kama maji ya mnazi."

Kartiyem akauliza kwa sauti ndogo, "Nimeiua mimi?"

"Dawa umeiua. Mtu bado yupo." Mantri alimpa nyingine. "Zisizofunguliwa ziwekwe kwenye friji ya dukani, zisigande. Hii inayotumika ikae chumbani, mbali na jiko na jua, na isizidi wiki nne."

Kartiyem alikwenda dukani na kumkalia mwenye duka kooni mpaka akampa kona ya friji kando ya soda, mbali na barafu. Namba zikashuka tena, safari hii zikatulia.

Tangu hapo shaka za Kartiyem zilipata kazi ya halali. Kila jioni Sanwirya alinyoosha miguu, na mkewe akakagua nyayo na katikati ya vidole kama polisi anayekagua gari. Alikagua hata ndani ya ndara, kusije kukawa na jiwe asilolisikia. Kopo la chokaa alilishika mwenyewe, na kila mwanzi ulitiwa. Mfukoni mwa mumewe aliweka kipande kidogo cha sukari. Mantri ndiye aliyeagiza. Insulini ikizidi chakula, sukari hushuka mno, mtu hutetemeka na kutoka jasho. Hapo hula sukari upesi. "Ni dawa ya kutetemeka, si ya hamu," Kartiyem alimwonya, na kipande alikipima kila jioni kwa kidole, kisije kikapungua.

Mtu wa namna hiyo hapandi minazi mirefu. Minazi ile alipewa binamu, wakagawana maji nusu kwa nusu kama desturi ilivyo. Sanwirya alibaki na minazi mifupi, ile unayoigema kwa ngazi ya hatua tano. Karaini maji hayakufika tena kwenye mkwaruzo. Lakini kidonda kilifunga, suruali ilijaa, na mgema alisimama kwa miguu yake miwili.

Baada ya miezi mitano, asubuhi, Kartiyem alikwenda kutupa majivu. Nyuma ya bafu palikuwa pasafi, kama palivyokuwa wiki zote hizo. Aligeuka kurudi. Ndipo akawaona. Sisimizi! Mstari mrefu mweusi, unakwenda zake.

Akapaza sauti. "Rusmini! Leta kifaa! Kang, usile kitu!"

Rusmini alimpima mkwewe. 124. Akampima tena. 121.

"Sasa sisimizi wale wa nini?" Kartiyem alikuwa haamini. Akainama, akaufuata ule mstari hatua kwa hatua, Rusmini nyuma yake. Ulizunguka bafu. Ukapita chini ya kamba ya nguo. Ukaingia jikoni kwake. Ukapanda kwenye kigoda chake. Mwisho ukafika kwenye mwiko wake, alioutundika jana bila kuuosha. Rojo lilikuwa limedondoka chini, tone baada ya tone.

Kartiyem alisimama pale, mgongo kwa mkwewe.

"Mama, umempata?" aliuliza Rusmini.

"Nimempata mwizi."

"Nani?"

"Mwenye mwiko." Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na halikuwa kosa la moshi. "Nilikuita mwizi ndani ya nyumba yako mwenyewe, mwanangu. Kama ungeniheshimu ukanyamaza, leo ningekuwa mjane. Nisamehe."

Rusmini aliutwaa mwiko, akaenda kuuosha.